Mche Mmoja kwa Kila Mtu

Kiwandani walimwita Redio, na jina lilimkaa. Mdomo wake ulifunguka pamoja na geti la asubuhi ukafungwa na kengele ya jioni, na katikati hapo akina mama wa meza ya kusawazisha walisikia kila kitu: nani kaoa, nani kaachika, mkaa umepanda bei wapi, na vituko vya mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye akirudi nyumbani hulala kwanza siku mbili ndipo akakumbuka kusalimia watu. Hakuna aliyemwomba anyamaze. Kazi ya meza ile ilichosha, na redio ya bure si kitu cha kukataa.

Sabuni ya kufulia ilifika mezani ikiwa miche mirefu iliyotoka kukatwa kwa waya, pembe zimechongoka huku na huku. Wao walizinyoa kwa kisu mpaka mche ukae vizuri kwenye karatasi yake. Mabaki yaliangukia kwenye ndoo, na ndoo zikijaa zilirudishwa kwenye masufuria makubwa, mabaki yakayeyushwa, yakawa miche mipya, ikauzwa kama mingine. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: KILA KIPANDE NI MALI YA KIWANDA. Na hawakuwa wanatania. Redio aliwahi kukatwa mshahara wa siku nzima kwa sababu ya mabaki ya kujaa kiganja aliyoyafagia yakaenda na takataka. Msimamizi alimweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba vipande hivyo hivyo vikikusanywa ndivyo vinavyolipa umeme wa kiwanda kizima. Redio akasema amesikia. Na kweli alikuwa amesikia.

Basi, mwezi mmoja kiwanda kikafunga chumba cha watoto.

Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya stoo, chenye mikeka, feni moja na Bibi. Bibi alikuwa mfungaji wa maboksi zamani, mpaka mgongo ulipomgomea, na kiwanda kikampa kazi ya kuwaangalia watoto wachanga wa wafanyakazi. Mama akipata nafasi yake ya mapumziko alikimbia, akanyonyesha, akarudi mezani kifua kikiwa chepesi na roho imetulia. Mtoto wa Redio alikuwa na miezi minane, mnene wa mikono na mapaja, na Bibi alimwita Bonge. Chumba kile ndicho kilichomwezesha Redio kufanya kazi. Mshahara wa mume ulikuwa unafika kama mume mwenyewe, kwa kuchelewa na ukiwa umechoka.

Walisema wanabana matumizi. Bibi akapewa asante na mche mmoja wa sabuni, akaambiwa aende akapumzike. Mwezi ule ule, taarifa ya habari ikatangaza kwamba mkurugenzi wa kiwanda ameongezewa mshahara kwa sababu ya kazi nzuri ya kubana matumizi. Sijui mtu anaweza kuyasikia hayo mawili kwa pamoja halafu akaendelea kunywa chai yake. Redio hakuweza. Aliiacha ikapoa.

Siku ya kwanza bila chumba alimbeba Bonge mpaka kazini, akamlaza kwenye boksi tupu chini ya meza, akamfunika kanga. Mtoto alikuwa muungwana mpaka saa nne. Baada ya hapo mvuke wa masufuria ukamfikia, ule mvuke unaowasha macho hata ya watu wazima, akaanza kukohoa na kulia. Wenzake Redio wakaimba kwa sauti ili kumficha. Waliimba vibaya mno hata msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Akainama, akaona boksi.

"Mama," alisema, "hapa pana soda kali ya kutengenezea sabuni. Mtoto huyu akipata madhara nani atawajibika?"

"Mlipofunga chumba mlidhani tutawaweka wapi?"

"Mimi sikufunga kitu. Mimi nimeajiriwa kama wewe." Akashusha sauti. "Nakuhurumia, lakini sikiliza. Ikifika mwisho wa mwezi, mtoto awe na pa kukaa, la sivyo utafute kazi nyingine. Nikikuta tena boksi chini ya meza, sitakuwa na la kufanya."

Jirani yake Redio, muuza mboga aliyekuwa nyumbani akiuguza mguu, akakubali kumshika Bonge mpaka mguu upone. Redio alimshukuru sana. Kisha kila jioni akawa anautazama ule mguu, na kila alipoona uvimbe umepungua moyo wake ukashuka, akajiona mtu mbaya. Kiwanda kilikuwa kimemfikisha mahali pa kuombea mguu wa jirani usipone haraka.

Wafanyakazi wakaitisha kikao. Hawakutaka makuu. Mwenyekiti wao, fundi wa mitambo, mtu wa maneno machache na shati safi, alipeleka ombi moja tu: chumba kifunguliwe, Bibi arudishwe, na kama fedha hakuna, basi zitoke kwenye ile nyongeza ya mkurugenzi. Hawakuomba mshahara mzima, wala gari, wala nyumba. Nyongeza peke yake.

Mkurugenzi akakubali kuja kuzungumza nao uwanjani, pale malori yanapopakia. Alikuwa mtu mchangamfu, na hilo ndilo lililomkera Redio kuliko yote, kwamba hukuweza hata kumchukia kwa raha. Aliwasalimia wazee kwa heshima, akamtania mlinzi kuhusu kitambi, akapanda juu ya jukwaa la kupakilia akiwa amekunja mikono ya shati kama mtu aliyetoka kubeba magunia.

"Ndugu zangu," alisema, "nimesikia mnataka tugawane nyongeza yangu. Vizuri. Mimi si mchoyo. Hebu tupige hesabu pamoja. Sisi hapa ni zaidi ya watu elfu moja, sivyo?"

"Ndiyo," watu wakajibu.

"Nimewaambia watu wa mahesabu waigawe. Mnajua kila mtu anapata nini kwa mwezi?" Akainua mkono, na mkononi alikuwa na mche wa sabuni. "Hiki hapa! Mche mmoja. Mnanitoa roho kwa mche mmoja wa sabuni, na sabuni mnaitengeneza wenyewe!"

Watu wakacheka. Lazima tuseme ukweli, walicheka, tena kicheko cha kuvunja mbavu, kwa sababu alilisema vizuri. Hata mwenyekiti alitabasamu, akaangalia viatu vyake.

"Na ili msiseme nimewapiga chenga," akaendelea, "leo hii naigawa. Nyongeza yangu ya mwezi mzima! Kila mtu akitoka getini apewe mche wake. Halafu mtaniambia nani kati yenu ametajirika."

Wenzake wa mezani wakamgeukia Redio. Wakamkanyaga mguu, wakamsukuma kiwiko. Sasa sema! Wewe si ndiye msemaji? Redio akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Alihisi pana mahali amelaghaiwa, alihisi kabisa, kama mtu anayejua chumvi imezidi ila hajui ni nani aliyeitia. Lakini pale palipolala udanganyifu hakupaona. Hesabu ilikuwa sahihi. Mche ulikuwa mche. Kikao kikaisha, redio haina betri, akapanga foleni getini na wenzake akapewa sabuni yake. Mbaya zaidi ni kwamba alisema asante.

Nyumbani alimchukua Bonge kwa jirani. Mguu ulikuwa umeanza kuvaa kiatu. Akarudi, akaweka mche mezani, akaketi akiutazama, ameshika tama. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliishi chumba cha pili na alifanya kazi ofisi ya mahesabu kiwandani. Kijana wa watu, hakuwa na ubaya, ila alipenda sana kuwa na akili.

"Shemeji, usijiumize," alimwambia, akauweka mche wake kando ya ule mwingine. "Ile hesabu niliipiga mimi. Ni ya kweli. Watu wanafikiri wakubwa wakipunguziwa mshahara, sisi tutapona. Hatuponi. Wao ni wachache, sisi ni wengi. Ukigawa inayeyuka."

"Inayeyuka."

"Ndiyo. Hata ukichukua mshahara wake wote na gari lake, bado mimi na wewe ni wapangaji hapa hapa."

"Hilo najua. Mimi sikuomba ghorofa, shemeji. Mimi niliomba Bibi arudi."

"Ndiyo, lakini ukigawa..."

"Nani alisema tugawe?"

Shemeji akaisogeza ile miche miwili ikae sawa.

"Nakuuliza wewe uliyepiga hesabu. Nani katika sisi alisema tugawe? Mwenyekiti alisema chumba. Kimoja! Feni moja, bibi mmoja. Mkatuletea hesabu ya watu elfu. Mimi nikija kwako naomba nauli ya hospitali, utaniambia nauli hiyo ukiigawa kwa mtaa mzima kila mtu anapata punje ya mchele, kwa hiyo nibaki nife?"

"Shemeji, punguza sauti, mtoto..."

"Mtoto amezoea!" Sasa povu lilikuwa linamtoka, na betri zilikuwa zimerudi zote. "Wanatulipisha mabaki ya kujaa kiganja! Kipande chetu kikianguka, ni mali, kikusanywe, kilipe umeme. Chake kikiguswa, aa, hicho ni kidogo, kikigawanywa hakifai kitu. Kidogo chetu kinakusanywa na kidogo chake kinagawanywa. Ametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nimesimama pale nimesema asante!"

Akalia kwa hasira, kilio kifupi, akafuta uso kwa kanga. Shemeji akasema, kama mtu anayekiri jambo dogo, kwamba zile sabuni hazikutoka kwenye nyongeza ya mkurugenzi. Zilitoka stoo. Aliambiwa aziandike kama sabuni zilizoharibika.

Redio alimtazama, akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Miche yote hiyo ukiiuza kwa pamoja," aliuliza, "Bibi analipwa muda gani?"

Shemeji hakuhitaji karatasi. Akaangalia juu kidogo, akaangalia chini, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa hesabu aliyoweza kuipiga wakati wowote tangu jana, na hakuna aliyemwambia aipige.

"Mwaka," alisema. "Pamoja na kodi ya chumba mkikipanga nje. Mwaka na kidogo."

Yaani nyongeza ya mwezi mmoja. Si mshahara, nyongeza tu. Mwezi mmoja wake ulikuwa mwaka mzima wa watoto wote wa kiwanda kile, na angepata mingine kumi na moja kabla mwaka haujaisha.

Asubuhi Redio alifika getini kabla ya mtu yeyote, na ndoo mbili za kazini na mche wake. Kila aliyekuja alimsimamisha.

"Sabuni yako iko wapi?"

"Nyumbani. Kwa nini?"

"Kesho ilete. Nataka kumrudisha Bibi."

Wengine walielewa kabla hajamaliza. Wengine waliuliza watafaidika nini, wao hawana watoto wachanga, na hao aliwapa vidonge vyao: aliwauliza kama walizaliwa wakiwa na ndevu. Mzee wa masufuria alisema mkewe ameshafulia mche wake mpaka nusu, akauleta hivyo hivyo, umelika upande mmoja, ukapokelewa. Kijana mmoja wa upakiaji alikataa katakata, akasema cha bure ni chake. Baada ya siku mbili za kusikiliza Redio getini asubuhi na Redio getini jioni, alileta miche miwili, wa pili ameununua dukani, ili apumzike masikio. Mwenyekiti alileta wake wa kwanza kabisa. Aliuweka kwenye ndoo, akasema, "Ningelisema haya uwanjani." Redio akamwambia, "Na mimi pia, mwenyekiti."

Si wote walitoa. Lakini mwenye duka la jumla alikuja na mkokoteni mara tatu, na fedha zikatosha. Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, palikuwa na chumba kilichokuwa saluni. Wakakipaka chokaa. Shemeji alichangia feni, akasema ni ya zamani, ingawa ilikuwa bado na karatasi ya dukani. Bibi alirudi amevaa vitenge vyake vya kazini, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mikono.

"Bonge wangu yuko wapi? Mleteni hapa. Mmemkondesha!"

Siku hiyo hiyo jirani alirudi sokoni kuuza mboga zake. Mwezi ulipoisha msimamizi alipita meza ya kusawazisha, akainama, akaangalia chini ya meza, akaona miguu ya watu na ndoo za mabaki. Akasema "vizuri," akaenda zake. Redio alibaki na kazi yake.

Sitii chumvi hapa. Hakuna aliyetajirika, shemeji alisema kweli. Redio alibaki mpangaji, mume alibaki barabarani, na mshahara wa Bibi wenyewe ulikuwa wa kujikaza kisabuni. Ila watoto kumi na saba walikuwa wanalala mahali pasipo na mvuke, na mama zao walikuwa wanavuka barabara mara mbili kwa siku kuwanyonyesha. Hicho ndicho kilichoitwa kidogo.

Miezi ikapita. Siku moja, Redio akiwa anavuka barabara kwenda kunyonyesha, aliona magari matatu meusi mbele ya chumba. Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya, cha bluu, kinang'aa: KITUO CHA WATOTO, na chini yake jina la kiwanda. Asubuhi hakikuwepo.

Ndani palijaa watu wa suti. Walikuwa wageni, wenye hisa, wamekuja kuona mali yao inavyokwenda. Bibi alikuwa amebanwa pembeni na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, uso umemkunjamana. Katikati ya chumba alisimama mkurugenzi, mchangamfu kama kawaida, mikono ya shati imekunjwa, na juu ya mkono wake amembeba Bonge. Mpiga picha alikuwa amepiga goti.

"Tuliona," alikuwa akiwaambia wageni, "kwamba kabla ya faida kuna binadamu. Mama mwenye amani hufanya kazi vizuri. Hakikutugharimu kitu kikubwa."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza kinagharimu kiasi gani.

"Kidogo sana," alisema mkurugenzi. "Kidogo sana, kwa kweli."

Redio alisimama mlangoni. Aliona kwamba akinyamaza leo, kibao kile kitabaki, na mwakani miche ikiisha watasema kituo chetu kimezidi gharama, tunabana matumizi, na Bibi atapewa asante yake ya pili. Akaona pia kwamba akisema, huenda jioni hana kazi. Bonge alimwona mama yake, akaanza kujinyonga mikononi mwa yule mtu, akinyoosha vidole.

Akapita katikati ya suti. Hakuomba radhi.

"Nipe mwanangu."

"Ah, huyu ndiye mama mwenyewe!" Mkurugenzi akafurahi. "Karibu, mama, simama hapa karibu yangu. Usiwe na wasiwasi, ni picha moja tu."

"Chumba hiki kimelipwa na wafanyakazi," Redio alisema, na aliyasema akimtazama yule mama wa miwani, polepole, ili asipotelewe na neno hata moja. "Tulimwomba nyongeza yake akatuambia ikigawanywa ni mche mmoja wa sabuni kwa kila mtu. Akatupa miche hiyo kutoka stoo, ikaandikwa imeharibika. Tumeiuza. Mwezi mmoja wa nyongeza yake ndio huu mnaouona, mwaka mzima. Mingine yote anayo yeye."

Mama wa miwani alimgeukia mkurugenzi kama anayengoja jibu.

"Mama," mkurugenzi alisema taratibu, bado akitabasamu, "haya tutayazungumza ofisini. Sasa hivi tupige picha tu. Ni ya sisi sote."

"Ya sisi sote?" Redio akanyoosha mikono. "Haya. Ikitoka, igawe kwa watu elfu wa pale ng'ambo, kila mtu apewe kipande chake. Mimi nipe mwanangu."

Mkurugenzi akampa. Hakuwa na la kufanya, mtoto alikuwa ameanza kulia. Redio akaketi kwenye mkeka pale pale, kati ya viatu vya ngozi, akageuka ukutani, akamnyonyesha. Mpiga picha aliuliza kama aendelee. Bibi akafungua mlango wote, akawaambia wageni watoke wazungumzie nje, kwa sababu watoto wengine walikuwa wamelala.